Pikipiki ya Marehemu

Pikipiki ilizimika palepale ilipozimika jana yake: kwenye mwinuko baada ya daraja, mbele ya kiwanda cha magodoro, ambako walinzi wa getini asubuhi hawana kazi nyingine ila kutazama watu wanavyoaibika. Haikuzimika kwa kishindo. Ilianza kukwamakwama kama mtu aliyepaliwa, ikakohoa, ikatikisika kidogo, ikakata roho.

"Shuka," alisema fundi saa bila kugeuka.

"Nimeshashuka," alisema mkewe.

Na kweli alikuwa ameshashuka. Alisimama kando ya barabara na sare yake nyeupe ya uuguzi, mkoba begani, mdomo ameubana kama aliyeshika pini kwa meno. Wenzake wa zamu ya usiku walikuwa wanamngoja awapokee wagonjwa waende wakalale, na si mara ya kwanza kuwaweka.

Fundi saa akafanya alichokuwa akikifanya kila mara. Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akalitikisa. Petroli ilikuwemo, inacheza huko ndani bila wasiwasi wowote. Akafunga kifuniko. Akakagua waya wa plagi, akaubonyeza. Akapiga kiki mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikaguna. Ya tatu ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa, kana kwamba si yenyewe iliyokuwa maiti muda mfupi uliopita.

Walinzi wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Kikohozi imepona!"

Hilo ndilo jina mtaa mzima uliloipa pikipiki ile. Fundi saa alilichukia jina hilo kuliko alivyouchukia ugonjwa wenyewe.

Yeye alikuwa mtu wa vitu vidogo vyenye adabu. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jumba la zamani, meza yake pana kiasi cha kuweka viwiko tu, na hapo alifufua saa za mkononi na saa za ukutani ambazo mafundi wengine walishazikatia tamaa. Watu walisema chochote chenye meno na magurudumu hakimshindi. Na yeye aliamini, kwa sababu saa ni kitu cha haki: ikifa imekufa, ukiifungua inakuonyesha kilichoiua. Haifi mkiwa njiani halafu ikafufuka mbele ya watu ili uonekane mjinga.

Pikipiki aliirithi kwa baba mkwe wake. Mzee yule alipofariki, shemeji zake hawakuitaka, wakasema imezeeka, basi apewe fundi, atajua la kuifanya. Pikipiki ilitangulia, mama mkwe akafuata. Magoti yalikuwa yamemchosha kuishi peke yake kwenye nyumba yenye ngazi, binti yake akamsihi mpaka akakubali kuja kukaa nao. Akaja na sanduku moja, kiti chake cha kukunja, na kumbukumbu zote za marehemu mumewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati. Kwa kuwa uani hakukuwa na geti na wezi wa mtaa ule walikuwa hawalali, pikipiki ililala ukumbini, usukani wake ukielekea mlango wa mama mkwe. Bibi huyo alikuwa na malalamiko yake. Kwamba usukani unamnasa nguo akitoka alfajiri. Kwamba mafuta yanadondokea sakafu aliyoideki mwenyewe. Kwamba harufu ya petroli inamuumiza kichwa. Na baada ya kulalamika yote hayo, angelipangusa tangi kwa ncha ya khanga yake na kusema, "Lakini chombo ni chombo. Marehemu alikuwa anaipiga kiki moja tu. Moja!"

Fundi saa alisema, "Ndiyo, mama." Ungemwambia nini mama mkwe?

* * *

Jumamosi hakufungua kibanda. Aliisukuma pikipiki uani, akatandika gunia, akapanga spana kwa ukubwa, akakunja mikono ya shati. Hajaishika nati ya kwanza, akasikia kiti cha kukunja kinaburutwa nyuma yake.

"Endelea tu, mkwe," alisema mama mkwe, akijiweka sawa kivulini. "Mimi sikusumbui. Napunga upepo."

Akafungua kabureta. Aliifungua kwa mkono wa fundi saa, polepole, kila skrubu akiiweka kwenye kisahani kufuata ilivyotoka.

"Marehemu alikuwa anaanza na chujio la hewa."

"Nitalifikia, mama."

"Sisemi kitu. Nasema tu alikuwa anaanza nalo."

Akaacha kabureta, akafungua chujio la hewa. Lilikuwa safi, kwa sababu alilisafisha yeye mwenyewe wiki iliyopita. Akalirudisha. Alipogeuka akakipiga kisahani kwa goti, skrubu zikatawanyika mchangani kama mtama. Akapiga magoti akaziokota moja moja, akipepeta mchanga kwa vidole, na moja ikawa haionekani. Wakatafuta yeye na mama mkwe, huyu ameinama, yule anaelekeza kwa fimbo. "Ile pale. Hapana, ile ni kokoto. Ile pale. Ile pia kokoto." Mwisho ikapatikana ndani ya kiatu chake.

Jua likapanda. Alisafisha kabureta mpaka ikang'aa. Alipuliza kila kijitundu, akakagua mpira wa petroli, akakwangua plagi, akakaza kila kilicholegea na vingine vilivyokuwa havijalegea. Mama mkwe alitoa maoni kuhusu mnyororo, kuhusu breki, kuhusu namna anavyoshika bisibisi. Kuhusu mnyororo alikuwa amekosea. Kuhusu breki alikuwa sahihi, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Alasiri akamaliza. Akaongeza petroli, akafunga, akapiga kiki. Ikawaka kwa ya kwanza.

"Umeona?" alisema mama mkwe, kama vile kazi aliifanya yeye.

Akaenda nayo mpaka madukani akarudi. Haikukohoa hata mara moja. Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, akamwona anarudi kifua mbele, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, akatabasamu. Usiku ule fundi saa alikula akaongezwa, na akaongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida yake.

Jumatatu asubuhi, kwenye mwinuko baada ya daraja, mbele ya kiwanda cha magodoro, ikakwamakwama, ikakohoa, ikakata roho.

Mkewe alishuka, akakunjua kola ya sare yake, akanyoosha mkono kulisimamisha basi lililokuwa linapita, akapanda. Dirishani hakugeuza hata shingo. Fundi saa angependa kutukanwa kuliko kuachwa vile.

* * *

Kiburi kikamshuka, akaipeleka kwa Plagi.

Plagi alikuwa fundi pikipiki wa kona ya sokoni, na jina hilo alilipata kwa haki. Ungemletea pikipiki isiyo na gurudumu la mbele, angekuambia ni plagi. Aliisikiliza Kikohozi ikinguruma, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Plagi hiyo, bwana."

"Plagi nimeisafisha."

"Kusafisha siyo kubadilisha. Unaweza kumsafisha mzee akawa kijana?"

Akabadilisha plagi. Akaizungusha pikipiki sokoni, akarudi nayo ikiwa hai. Siku iliyofuata ikafia darajani. Plagi akabadilisha koili, kisha waya wa koili, kisha akarudia plagi kwa sababu ile mpya alianza kuitilia shaka. Kila mara inawaka, kila mara inazunguka sokoni vizuri, kila mara ikifika mbali inazimika. Hatimaye akaja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama uani mikono kiunoni, akatoa hukumu.

"Bwana fundi, nikuambie ukweli kama ndugu. Injini imechoka. Uza vyuma."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake.

"Vyuma vya nani?" aliuliza.

"Hii, mama. Imeshakula chumvi ya kutosha."

"Na wewe utakapozeeka wauze mifupa?" Alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi, magoti yamesahauliwa. "Pikipiki hii ilinipeleka hospitali nikiwa na mimba ya huyu mke wa huyu! Imepita matope ambayo wewe hujawahi kuyaona hata ndotoni! Toka!"

Plagi akatoka, na fundi saa akalazimika kumfuata mpaka njiani kumwomba radhi. Huko nako akaambiwa maneno mengine kuhusu wazee wasiokubali ukweli. Akarudi nyumbani amechoka kote kuwili. Kwa mke hasemeshwi, kwa mama mkwe anaelekezwa, kwa Plagi anahurumiwa, na barabarani watoto wa shule wanamkoholea. Maji yalikuwa yamezidi unga.

* * *

Ilikuwa jioni moja anatoka kibandani peke yake. Ikamfia mbele ya kinyozi. Fundi saa hakupiga kiki. Hakugusa waya. Alikaa ukingoni mwa mtaro, mikono imening'inia magotini, akaitazama.

"Nikusaidie kusukuma?" kinyozi alimuuliza kutoka mlangoni.

"Niache nayo kidogo," alisema. "Leo nataka tuelewane."

Akakaa. Hasira zikapanda mpaka zikafika mahali haziwezi kupanda tena, zikaanza kushuka, na zilipotulia akajiuliza swali ambalo angejiuliza tangu mwanzo kama ingekuwa saa. Ikiwaka tena, inawaka baada ya kufanyiwa nini? Si plagi, mara nyingine hakuigusa. Si kupumzika, mara nyingine hakuipumzisha. Kitu kimoja tu hakuwahi kuacha kukifanya, na kila mtu aliyeikaribia alikifanya, yeye na Plagi vilevile: kufungua tangi kuangalia kama mafuta yamo.

Akainuka. Akaweka sikio karibu na tangi, kama anavyoliweka kwenye mgongo wa saa ya ukutani, akakizungusha kifuniko taratibu.

Fyuuu.

Upepo uliingia ndani ya tangi kwa pupa, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa.

Fundi saa akasimama wima. Akakitoa kifuniko, akakigeuza. Kilikuwa na kitundu chembamba katikati, cha kuingizia hewa. Petroli ikishuka, hewa ichukue nafasi yake. Hewa isipoingia, petroli nayo inagoma kushuka. Akatoa mfukoni lenzi yake, akaibana jichoni pale pale barabarani, kinyozi akikodoa macho. Kitundu kilikuwa kimejaa kitu cheupe chenye umanjano. Akakichokoa kwa pini. Kikatoka kidogo, kigumu. Akakinusa.

Sabuni. Sabuni ya mche, ya kufulia.

Mchanga ungeingia wenyewe. Kutu ingeota yenyewe. Lakini sabuni haitembei.

* * *

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kwake, mlango wazi, anashona kifungo. Fundi saa akaingia, akakiweka kifuniko juu ya meza ya pasi, na karibu yake kile kipande cha sabuni juu ya kikaratasi.

"Nani katia sabuni kwenye kifuniko cha tangi?"

Mkewe akakitazama, akamtazama yeye. "Sabuni? Kwa nini mtu atie sabuni humo?"

"Ndilo ninalouliza."

"Mimi," ilisema sauti kutoka chumbani, kwa utulivu kabisa, hata uzi haukusimama. "Harufu ilikuwa inatokea hapo kwenye kitundu. Usiku kucha inaniingia. Nikakiziba. Marehemu tangi likivuja alikuwa anasugulia sabuni, petroli haiiyeyushi. Nikaona kuliko kuwasumbua nyie na kichwa changu, nijisaidie mwenyewe."

Fundi saa akakiokota kifuniko.

"Lini, mama?" fundi saa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Siku nyingi. Nilipokuja tu. Nikifua huwa naongezea, maana inakauka inapungua."

Ina maana Jumamosi ile, wakati anapepeta mchanga kutafuta skrubu, aliyekuwa akimwelekeza kwa fimbo ndiye huyu. Plagi, koili, waya, aibu za darajani, basi lile, walinzi wale. Fundi saa akageuka, akatoka mpaka uani, akaiona ndoo tupu, akaipiga teke ikaruka ikagonga ukuta wa jirani na kurudi inabingirika miguuni pake. Akaipiga tena.

Ndani, aliyekuwa na ruhusa ya kupiga kelele akapiga.

"Mama! Nimesukuma pikipiki na sare ya kazi! Nimesukuma mbele ya wagonjwa wangu! Nimemnunia mume wangu wiki nzima!"

"Sasa mimi ningejuaje kama kinapumua?"

"Ungeuliza!"

"Na nyie mngeuliza. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ufanyeje kikiwa ni mama mkwe. Fundi saa alikaa uani mpaka hasira zikapoa. Aliporudi ndani akakuta sanduku limefunguliwa juu ya kitanda, na bibi anakunja nguo zake, moja moja, kwa unadhifu wa mtu anayetaka aonekane.

Mkewe alisimama ukumbini, macho mekundu. Akanong'ona, "Ongea naye wewe. Mimi hanisikii."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekosewa!"

"Najua. Ongea naye."

Fundi saa akatazama dari, akavuta pumzi, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna ngazi."

"Nitapanda kwa makalio. Siwezi kukaa mahali ninapopigwa mateke."

"Nani kakupiga teke, mama?"

"Ndoo ile ilikuwa mimi. Nimeisikia ilivyolia."

"Ndoo ilikuwa ndoo, mama."

"Umeipiga mara mbili."

Fundi saa akaketi ukingoni mwa sanduku, jambo ambalo kwa adabu za siku nyingine asingelifanya, na kwa kuketi pale akazuia nguo zisiingie. Wakabaki hivyo, yeye amekalia sanduku, bibi ameshika gauni lililokunjwa.

"Mama," alisema, "nimeudhika. Siwezi kusema sikuudhika. Nimefungua kila kitu kwenye pikipiki hii isipokuwa roho yake. Lakini hakuna anayekufukuza. Ungeniambia harufu inakuzidi, ningeitoa."

"Niliwaambia."

Akakumbuka. Aliwaambia kweli, wala si mara moja. Na yeye kila mara alijibu ndiyo, mama, na kwenda zake.

"Uliniambia," alikubali. "Sikusikia."

Bibi akaliweka gauni gotini, akalilainisha kwa kiganja. Akacheka puani, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kucheka.

"Na nikuambie lingine. Ile kiki moja ninayoisema kila siku. Marehemu ilikuwa inamfia kila mahali. Wala haikuwa na sabuni. Alikuwa akitoka nyumbani anaiwasha kwa kiki moja, ndiyo, kisha anakuja mtu kuniita, mumeo yuko njia panda anasukuma. Mimi huyu nimeisukuma pikipiki hiyo mpaka nikajua mabonde yote ya mji. Watu wakishakufa mtu anahesabu zile siku za kiki moja tu."

Fundi saa alimtazama mama mkwe wake kama anayemwona mara ya kwanza. Ukumbini mkewe akaangua kicheko, akajiziba mdomo, kikamponyoka hata hivyo.

"Mabonde yote ya mji, mama?"

"Yote. Na viatu virefu."

* * *

Kitundu alikizibua siku ile ile kwa sindano nyembamba ya kazi yake, akakipuliza, akakisuuza. Kesho yake akanunua mabati na mbao, akajenga kibanda kidogo uani kando ya ukuta wa jiko, akaizika pete ya chuma kwenye zege na kufunga pikipiki kwa mnyororo ambao hata yeye ulimpa tabu kuufungua. Ukumbi ukawa mpana, mama mkwe akalala bila kuumwa kichwa, na nguo zake hazikunaswa tena na usukani.

Jumatatu akaitoa mapema, akaipangusa, akapiga honi. Mkewe akatokea na sare yake, mkoba begani, akamshika bega kwa upole.

"Fundi, usikasirike."

"Nini tena?"

"Mimi nimeshazoea basi. Napata kiti, nasinzia kidogo, nywele hazivurugiki. Na kuna wenzangu wawili tunakutana humo, tunapiga soga mpaka hospitali."

"Pikipiki imepona!"

"Najua imepona. Hongera sana." Akambusu shavuni, akatoka mbio kuliwahi basi lake.

Fundi saa akabaki ameikalia pikipiki inayonguruma bila kasoro, mikono kwenye usukani, hana wa kumbeba. Alitamani aipate ile ndoo. Nyuma yake mlango wa jiko ukafunguliwa, na mama mkwe akatoka amevaa viatu vya kutokea, khanga imefungwa vizuri, fimbo kwapani.

"Leo ni siku yangu ya kliniki ya magoti," alisema. "Nipeleke. Mwendo wa pole, lakini siyo wa maiti."

Akapanda upande upande, akajikaza, akamshika mkwewe kiuno bila haya. Wakashuka mtaani, wakapita kwa kinyozi, wakavuka daraja, wakapanda mwinuko. Walinzi wa kiwanda cha magodoro walisimama tayari kabisa na makofi yao, wakabaki wameyashika hewani. Kikohozi ikapita.

"Badilisha gia!" mama mkwe alimpigia kelele sikioni.

"Nimebadilisha, mama!"

"Hukubadilisha vizuri! Na huyo wa mbele mpite! Unamngoja nini?"

"Ndiyo, mama," alisema fundi saa, akampita.